Nota Tatu Nilizozifuta

Mwaka wa pili baada ya kufiwa na mke wangu, suruali zangu zote zilianza kunivuka. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa najipikia mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu niwe kijana wa miaka ishirini na saba, na kipimo cha mtu mmoja kilikuwa kinanishinda. Mara ugali unabaki mpaka unaota ukungu, mara nalala na chai ya rangi. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, siku ambazo upepo wa Ufipa unapita hata kwenye tundu la kitasa, nilizitia suruali tatu kwenye mfuko nikazipeleka kwa fundi cherehani, hapahapa Katandala, mjini Sumbawanga, hatua chache kutoka kwangu.

Fundi ni mama wa makamo anayeshonea barazani. Alinipima kiuno, akaguna, akanionyesha benchi.

"Kaa, Mwalimu. Hii moja naimaliza sasa hivi uondoke nayo."

Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, inapiga nyimbo za kwaya mfululizo, na yeye anashona huku anafuatisha. Nilijikunyata ndani ya koti nikitazama wapita njia. Ndipo ukaanza wimbo ambao sikuhitaji kuusikiliza ili niujue. Nilikuwa nimeuandika kwa mkono wangu, kwa ajili ya misa ya arobaini ya mke wangu.

Kwanza nilifurahi. Sauti zilikuwa nyingi na zimefundishwa vizuri, besi imetulia chini kama inavyotakiwa. Lakini walipofika mstari wa tatu, mahali nilipoandika nota moja ndefu kwenye neno "pumzika", wao waliimba nota tatu fupi za haraka.

"Wameuharibu," nikasema.

"Nini, Mwalimu?"

"Hapo. Wameongeza nota."

"Mbona mzuri hivyo? Huu wimbo wanaupiga kila msiba siku hizi. Unaliza."

Nilimwomba ile simu. Ilikuwa kwaya ya Kirando, huko Ziwa Tanganyika, wamesimama ufukweni na vitenge vya bluu, mitumbwi nyuma yao. Chini ya picha paliandikwa neno "Mtunzi", na baada yake jina la mwanamke nisiyemfahamu.

Nilimrudishia fundi simu yake. Nilijisikia kama mtu aliyekwenda sokoni akakuta gauni la marehemu mkewe limevaliwa na mtu mwingine, tena limemkaa vizuri. Nilisahau kuchukua suruali. Fundi alinifuata nayo mpaka njiani.

Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na minne, na muda wote huo nimefundisha kwaya. Katika parokia zetu mwalimu wa kwaya anayejua kusoma nota ni mtu wa kutafutwa, na anayejua kutunga ndiye anayeitwa mtunzi, kama vile mwingine anavyoitwa fundi au daktari. Hata watoto wangu walipokuwa wadogo walizoea kuambiwa, "Nyamazeni, baba anatunga." Jumapili baada ya chakula nilikuwa nakaa mezani na karatasi na penseli, na nyumba nzima inatembea kwa vidole.

Mke wangu aliimba sauti ya pili. Hakujua nota. Nikimfundisha mara moja, anashika, na hasahau tena. Jumapili hizo, mimi nikiwa mezani, yeye alikuwa nje uani na ungo, anapepeta ulezi. Alipokuwa anapepeta alikuwa anavumisha wimbo mmoja, mdomo umefungwa, bila maneno. Siku za mwanzo za ndoa yetu nilimuuliza ni wimbo gani.

"Wa zamani tu," alisema.

Siku nyingine, miaka ileile, nilimwambia kupitia dirishani, "Hapo mstari wa tatu una haraka. Ungeishikilia sauti moja, ingependeza." Alitabasamu, akarusha ulezi juu, akaendelea vilevile na haraka yake. Sikulifikiria tena jambo hilo. Wimbo ule ukawa sehemu ya nyumba, kama mlio wa bawaba ya mlango wa jikoni. Ukikaa na kitu hicho miaka thelathini na kitu, unasikia siku kinapoacha.

Aliugua wiki tatu tu. Baada ya mazishi watoto walikaa siku kumi, kisha mmoja akarudi Dar es Salaam na mwingine Mbeya kwenye kazi zao, nami nikabaki na vyumba vinne. Zikiwa zimebaki wiki mbili kufika arobaini, nilikaa mezani nikasema nitamtungia kitu. Hakikuja kitu. Kila nilipoanza, ilinijia ile sauti ya uani, mpaka mwisho nikaacha kuikataa. Niliiandika. Nikaipa maneno yangu ya Kiswahili, nikaitengenezea sauti nne, na pale mstari wa tatu nikazifuta nota tatu nikaweka moja ndefu, maana neno langu lilitaka kupumua. Mwisho wa ukurasa niliandika "Mtunzi", jina langu, na mstari ambao nimeuandika kwenye kila karatasi yangu tangu nianze: "Hairuhusiwi kunakili bila idhini ya mtunzi."

Kuhusu ile melodi, nilijiambia kwamba nyimbo za wazee hazina mwenyewe. Ni maji ya kisima. Aliyechota, ndoo ni yake.

Kwaya yetu iliuimba siku ya arobaini, watu wakalia, na wageni kutoka Namanyere wakarekodi kwa simu zao. Huko ndiko ulikoanzia kusambaa.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani ni wakili hapa mjini. Alikuwa binti mwembamba aliyekaa dawati la mbele na kuuliza maswali mpaka kengele inalia. Nilipoingia ofisini kwake alisimama.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na kesi."

Nilimweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, akaiangalia video, akaisoma karatasi yangu ya nota ingawa nota zenyewe hazijui.

"Sheria haingoji usajili, Mwalimu," alisema. "Ukishaiweka kazi yako kwenye karatasi, haki ipo tayari. Kusajili kunakusaidia kuthibitisha tu. Na haki zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya manufaa, yaani nani anaruhusiwa kuitumia kazi na anakulipaje. Ya pili ni ya heshima: utajwe jina, na kazi yako isivurugwe."

"Mimi nataka hiyo ya pili. Fidia sitaki. Nataka jina langu, na zile nota tatu waziondoe."

Aliandika kidogo, kisha akainua kichwa. "Nikuulize kama wakili wao atakavyokuuliza. Melodi ni yako yote? Hukuitoa mahali?"

"Ni yangu," nikasema.

Nilijibu kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani mtoto akibisha. Akaliandika jibu langu. Nilipoona kalamu yake inatembea kwenye neno hilo nilitaka kumwambia asubiri, lakini niliogopa aibu mbele ya mtu niliyemfundisha kusoma. Barua ilipokuwa tayari nilimwambia asiitume, nitaipeleka mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijasafiri popote tangu mazishi, na kukasirika kulikuwa kumenipa sababu ya kunyoa ndevu.

Basi lilitupitisha Namanyere, likashusha watu wa ofisi za halmashauri na wa sokoni, kisha likaanza kuteremka. Kila kona baridi ilipungua. Kufikia Kirando nilikuwa nimeshikilia koti mkononi, na harufu ya dagaa ilikuwa imeingia mpaka kwenye barua.

Nilimuulizia mwalimu wa kwaya. Nilionyeshwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, ameinama ufukweni anageuza dagaa walioanikwa. Alijifuta mikono kwenye kanga.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," nikajibu. "Mimi ni mwalimu wa kwaya kutoka Sumbawanga. Nimekuja kwa ajili ya wimbo mlioimba kwenye video."

Uso wake ulifurahi, nami nikampa barua kabla hajasema neno lolote zuri. Aliisoma amesimama juani. Aliisoma mara mbili.

"Kumbe una mwenyewe," alisema.

"Una mwenyewe. Na jina lililowekwa pale ni la nani?"

"Ni langu." Hakuinamisha macho. "Sikiliza, Mwalimu, nikuambie ilivyokuwa. Wimbo niliupata msibani Namanyere, kwenye simu ya mtu. Niliuliza ni wa nani, hakuna aliyejua. Siku ya kurekodi, kijana wa kamera akaniuliza, mtunzi tuandike nani? Nikamwambia sijui. Akasema haiwezi kubaki wazi, akaandika jina langu kwa kuwa ndiye mwalimu. Nilipoiona video ningeweza kumwambia afute. Sikumwambia. Nimefundisha kwaya hii miaka kumi na miwili na jina langu halijawahi kuandikwa mahali popote. Nilifurahi kuliona. Hilo ndilo kosa langu, na nakuomba radhi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu wa kubisha. Mtu anayekiri hivyo, unabaki umeshika hasira yako huna pa kuiweka.

"Na zile nota tatu?" nikauliza. "Mstari wa tatu. Mliziongeza kwa nini?"

"Hatukuziongeza sisi. Alituambia marehemu mama yangu, kabla hajafa. Yeye alizaliwa huko juu kwenu, upande wa Namanyere. Siku ya kwanza nilipouimba nyumbani aliniambia, mbona mnaukosea? Akatuonyesha. Alisema walikuwa wakiuimba wakipepeta ulezi usichanani mwao." Alikunja barua taratibu, kwa mikunjo yake ileile. "Ndiyo maana nilijipa moyo. Nilisema, kama mama anaujua, basi ni wimbo wa wazee, hauna mwenyewe."

Hayo yalikuwa maneno yangu. Niliyasikia yakitoka kwenye kinywa cha mtu niliyekuja kumshitaki.

Niligeuka nikatazama ziwa. Nadhani alifikiri bado nina hasira, maana aliniomba, kwa adabu kabisa, nisubiri mazoezi ya saa kumi jioni nikawasikie wenyewe kabla sijaamua lolote. Nilikaa kwenye benchi la nyuma la kanisa. Waliingia watu kama ishirini, baadhi na magamba ya samaki bado mikononi. Waliuimba. Baada ya beti zangu tatu waliendelea na ubeti wa nne ambao sikuuandika:

*Wewe uijuaye chini ya maji, uwahesabu wetu;*
*hatuna kaburi la kufagia, twafagia mlango.*

Mwalimu wao aliniambia baadaye kwamba aliutunga kwa ajili ya waliozama na hawakupatikana. Katika kwaya ile walikuwemo wanawake watatu waliokuwa wakiuimba ubeti huo kwa ajili ya waume zao. Nilikuwa nimekuja na barua inayosema kazi yangu imevurugwa. Nilimwomba anirudishie ile barua.

"Unaifuta?" aliuliza.

"Sijui bado. Kuna mtu natakiwa kumuuliza kwanza."

Kesho yake asubuhi nilipanda basi la kurudi, nikashuka Namanyere, nikachukua bodaboda kwenda kijijini kwa dada mkubwa wa mke wangu. Tangu arobaini nilikuwa sijamtembelea. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, miguu ameinyoosha juu ya mkeka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, shemeji. Umekonda. Nani anakupikia?"

"Napika mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Alinipa kigoda na lundo la mahindi upande wangu, nami nikaanza kupukuchua naye. Baada ya muda nilimwambia nataka kumuuliza habari ya wimbo, na kwa kuwa sikujua kuueleza niliuvumisha, mdomo umefungwa, kama nilivyousikia miaka yote. Mstari wa tatu niliziweka nota zote tatu.

Alicheka kwa furaha, kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. Kisha akaacha kucheka, akaangalia pembeni, akaanza kuimba. Aliimba kwa Kifipa, sauti imechakaa, lakini maneno yalikuwa yamekaa kwenye ile melodi silabi kwa silabi. Maneno yenyewe, kwa Kiswahili, yalikuwa machache: *upepo, chukua makapi, chukua yote mepesi, mbegu niachie.* Lile neno la kuomba, niachie, ndilo lililokaa juu ya zile nota tatu. Ndiyo maana zilikuwa na haraka. Mtu anayeomba kitu kisiondoke hawezi kukaa kwenye sauti moja ndefu.

"Ni wimbo wa wazee?" nikauliza.

"Wazee gani? Ni wa mdogo wangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza. Mama yao aliugua kifua, mke wangu akiwa na miaka kumi na mitano, akaachwa nyumbani amuuguze wakati wengine wako mashambani. Alikuwa anapepeta ulezi wa uji wa mgonjwa, na upepo ukawa unamsumbua, unataka kubeba hata mbegu. Akaanza kuusemesha upepo. Kufikia jioni alikuwa na wimbo mzima. Mama yao alipona, akaishi miaka mingi. Wasichana wa kijiji waliupenda wimbo wakauchukua, na kila msimu wa ulezi ulisikika kila ua.

"Mmoja wao aliolewa huko ziwani," alisema. "Alikuwa na sauti kuliko sisi wote."

"Aliwafundisha watu wa Kirando," nikamwambia. "Amefariki."

Alitikisa kichwa. Tukaendelea kupukuchua. Nilikuwa na swali moja tu na niliogopa kuliuliza.

"Mbona mimi hakuniambia? Nilimuuliza. Akasema ni wa zamani tu."

"Alitaka kukuambia, shemeji." Hakunitazama. "Mwaka ule mlipooana alikuja hapa akanisimulia. Alisema, nilikuwa nauimba asikie, nikingoja anipende kwa huo wimbo, naye akaniambia kupitia dirishani nina haraka. Alikuwa anacheka. Akasema, kwetu mtunzi ni mmoja, nyumba haitoshi wawili. Sisemi hivi kwa ubaya."

"Najua."

"Hakuwa na kinyongo."

"Najua," nikasema tena, ingawa sikujua. Hilo ndilo jambo ambalo sitalijua kamwe. Mtu pekee wa kumuuliza ni yeye mwenyewe, na hayupo.

Alinifungia unga wa ulezi na mahindi ya kande, akanisindikiza mpaka barabarani. Njiani kurudi Sumbawanga nilikaa dirishani nikitazama nyasi za uwandani zinavyolala upande mmoja. Miaka thelathini na miwili nilikaa mezani na penseli nikitafuta melodi, na mtunzi alikuwa uani. Nilimfundisha sauti ya pili. Nilimwambia wapi apumue. Sikuwahi hata siku moja kumwambia, hebu imba wewe, mimi nisikilize.

Nilirudi kwa wakili kabla ya wiki kwisha, nikamwambia nilimdanganya. Nilimweleza yote, pamoja na dirisha. Aliweka kalamu chini.

"Pole, Mwalimu," alisema, na kwa muda hakuwa wakili. Kisha akawa tena. "Lakini nikuambie jambo la ajabu. Kama melodi ni ya marehemu, haki haijapotea. Inakwenda kwa warithi wake, yaani wewe na watoto. Kisheria bado unaweza kuwazuia wale watu wa Kirando. Labda sasa una nguvu kuliko mwanzo."

"Kwa hiyo nimemnyima wimbo akiwa hai, na sheria inanipa akiwa amekufa."

"Sheria inakupa mamlaka. Utakavyoyatumia hilo ni lako."

Tulikaa tukaandika karatasi nyingine, fupi. Ilisema wimbo huu unaweza kuimbwa, kunakiliwa na kuongezwa beti na mtu yeyote, kwa masharti mawili: jina la mtunzi liandikwe kila mahali wimbo unapoandikwa, na mtu akiongeza au kubadili, aseme ni yeye aliyebadili. Wakili aliuliza jina la mtunzi tuandike vipi. Nilimpa majina matatu ya mke wangu, la ubatizo, la Kifipa alilopewa na bibi yake, na la baba yake. La kwangu, ambalo alikuwa akilitumia tangu ndoa, sikuliweka.

Watoto walitakiwa kukubali, kwa kuwa nao ni warithi. Wa Mbeya alikubali mara moja. Nilimpigia binti yangu Dar es Salaam. Nilimsikia kwa mbali akifunga mlango ili anisikie.

"Alikuwa akiniimbia huo akinisuka," alisema. "Nilidhani ni wa kwako, baba. Nyimbo zote nyumbani nilidhani ni za kwako."

Niliandika nota upya. Nilirudisha zile tatu, nikaweka maneno ya Kifipa juu na ya Kiswahili chini, na ubeti wa nne nikauandikia jina la mwalimu wa Kirando. Ule mstari wa kukataza niliouandika maisha yangu yote, safari hii sikuuweka. Nilimtumia nakala kwa basi. Alinipigia siku ileile alipoipokea. Alisema ameona jina lake pembeni ya ubeti wa nne, na kwamba video imeshabadilishwa maandishi. Alisema pia amelisoma jina la mke wangu mbele ya kwaya nzima, wakasimama.

Sisi tuliuimba Jumapili iliyofuata, kwa Kifipa, na kabla ya kuanza nilisoma jina la mtunzi. Baada ya misa watu walinizunguka nje ya kanisa wakinipa mkono.

"Hongera, Mwalimu. Umemuenzi mama."

"Huo ni upendo wa kweli. Kumpa mkeo wimbo wako!"

Niliwaambia siyo wangu, sikumpa mimi, ulikuwa wake tangu usichana. Walitabasamu, wakaniambia nina unyenyekevu. Mzee mmoja wa besi, tuliyeimba pamoja miaka mingi, alinipiga bega akasema ni mtunzi wa kweli tu anayeweza kufanya hivyo. Nilijaribu kumweleza tena, kisha nikaaga. Nilirudi nyumbani peke yangu nikapika uji wa ule ulezi wa shemeji. Ulikuwa mwingi.

Tangu hapo nimekuwa nikipitia daftari zangu. Nina nyimbo ishirini na tisa zenye jina langu. Nakaa mezani naziimba moja moja kwa sauti ya chini, nikijaribu kukumbuka nilizipata wapi. Nyingi nina hakika nazo, nakumbuka hata penseli iliyovunjika. Lakini zipo chache, kama ule wa Majilio na mwingine wa matoleo, ambazo nikifika katikati nasita. Kuna mruko mdogo wa sauti ambao haufanani na mkono wangu. Huwa nampigia shemeji simu nimvumishie, naye anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Huo siujui, shemeji. Labda alikuwa akiuimba huko kwenu."

Labda. Mimi nilikuwepo, lakini sikuwa nasikiliza. Nyimbo hizo nimefuta jina langu kwa kifutio, na la kwake siwezi kuandika kwa kubahatisha, maana huko nako kungekuwa kumzulia. Mahali pa mtunzi pamebaki wazi. Watu wa kwaya wakiniuliza, nawaambia nitajaza nikikumbuka.